Bunduki haiwezi kufanya kazi ya pipa la taka

Kila mwaka majani yanapoanza kugeuka rangi katika misitu ya Marekani na Kanada, mjadala uleule hurudi kwenye mikutano ya hadhara, kurasa za magazeti na kumbi za mabunge ya majimbo: dubu weusi wawindwe zaidi, wawindwe kidogo, au waachwe kabisa? Wapo wanaosema dubu wamezidi, wanafungua milango ya magari na kuingia majikoni, na kwamba bunduki ndiyo itakayowarudisha porini. Wapo wanaosema kumuua mnyama kwa sababu ya uzembe wa binadamu ni dhuluma. Ninaamini kwamba mjadala huu haufiki popote kwa sababu maswali mawili tofauti yametiwa katika kapu moja. Kuna swali la idadi ya dubu katika msitu fulani, na kuna swali la dubu anayepindua taka nyuma ya nyumba ya mtu. La kwanza uwindaji unaweza kulijibu, na mara nyingi umelijibu vizuri. La pili hauliwezi, na jimbo linalouza leseni kwa ahadi ya kuwaondolea wananchi adha ya dubu linauza kitu lisichokuwa nacho.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana sera nyingi hukosea kwa kusahau anavyoishi. Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini, ambaye wanasayansi humwita Ursus americanus, anapatikana kuanzia Alaska na Kanada hadi Florida na milima ya kaskazini mwa Mexico. Makadirio ya kawaida huweka idadi yake kati ya 600,000 na 900,000, yaani wengi kuliko aina nyingine zote saba za dubu duniani zikijumlishwa. Anayesema kwamba dubu mweusi anakaribia kutoweka hasemi kweli. Hata hivyo hali si moja kila mahali: huko Florida katika miaka ya 1970 walibaki mia chache tu, na dubu wa Louisiana aliingizwa mwaka 1992 katika orodha ya shirikisho ya wanyama wanaotishiwa, akaondolewa mwaka 2016 baada ya miaka mingi ya kurudisha misitu ya mabondeni iliyokuwa imefyekwa kwa ajili ya mashamba.

Kwa dubu, kipindi kinachoamua mambo yote mengine ni mwisho wa kiangazi na majira ya mapukutiko. Kuanzia Agosti mwili wake hubadilika na njaa isiyoshiba humshika. Anaweza kula kwa saa 20 katika siku moja na kujipatia kalori 20,000, ambazo ni mara nane hadi kumi ya mahitaji ya mtu mzima. Porini chakula hicho ni matunda ya vichakani, mabuu ya sisimizi na nyigu, na zaidi ya vyote mbegu za mialoni na karanga za miti mingine ya msituni. Tatizo ni kwamba miti hiyo haizai sawasawa. Baridi kali ya ghafla ikiipiga wakati wa maua, au ukame ukiingia kiangazi, msitu uliokuwa umejaa mbegu mwaka jana unaweza kuwa mtupu mwaka huu. Mnyama mwenye pua kali kama hiyo hakai msituni kusubiri. Anafuata harufu, na harufu inampeleka kwenye pipa lenye mabaki ya kuku wa kukaanga, kwenye bakuli la mbwa lililoachwa kibarazani, au kwenye chombo cha kulishia ndege ambacho mwenye nyumba amekijaza mbegu za alizeti kwa mapenzi mema kabisa. Kilo moja ya mbegu hizo zilizomenywa ina kalori zaidi ya 5,000. Kuzipata kalori hizo kwa kuokota mbegu za mwaloni moja moja kungemchukua sehemu kubwa ya siku.

Uzito anaouweka katika miezi hiyo ndio unaoamua kama kutakuwa na kizazi kipya. Dubu hupandana Juni na Julai, lakini yai lililorutubishwa halijishikizi katika mfuko wa uzazi mara moja. Huelea likiwa limesimamisha ukuaji wake hadi Novemba hivi. Hapo mwili wa jike hupiga hesabu ileile ambayo mkulima huipiga mbele ya ghala lake baada ya mavuno: akiba ikitosha, mimba huendelea, isipotosha, haiendelei, na mwaka huo hakuna mtoto. Kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, ambako miti ya biichi ilizoea kuzaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, watafiti waliona majike wengi wakizaa kwa kufuata mdundo huo wa miti. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mnyama ambaye uzazi wake umefungwa kwenye tawi la mti.

Kisha huja majira ya baridi. Jike mwenye mimba ndiye huingia pangoni kwanza, na dume mzima huwa wa mwisho. Pango lenyewe linaweza kuwa mti wenye shimo, uwazi chini ya mizizi ya mti ulioanguka, au tandiko la matawi tu juu ya ardhi. Vipimo vilivyofanywa Alaska na kuchapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba joto la mwili hushuka kidogo tu, likicheza kati ya nyuzi 30 na 36 za Selsiasi, ilhali matumizi ya nishati hushuka hadi robo ya kawaida na mapigo ya moyo kutoka 55 hadi takriban 14 kwa dakika. Kwa miezi mitano au zaidi mnyama huyu hali, hanywi, hakojoi wala hatoi kinyesi. Katikati ya hali hiyo, mwishoni mwa Januari hivi, jike huzaa watoto wawili au watatu, kila mmoja akiwa na uzito wa gramu 300 hivi, vipofu na karibu bila manyoya, na kuwanyonyesha kwa mafuta aliyoyaweka Septemba.

Huko Maine wataalamu wa wanyamapori wamekuwa wakiwafuatilia majike wenye kola za redio tangu mwaka 1975. Mwishoni mwa majira ya baridi hutembea kwenye theluji kwa viatu vipana, humchoma mama sindano ya usingizi akiwa ndani ya pango, kisha huwatoa watoto kuwapima na kuwatambua jinsia. Wakati kazi ikiendelea, watoto hao huwekwa ndani ya koti la mtu, kifuani, wasipatwe na baridi, na hulia kwa sauti kali hadi warudishwe kwa mama yao. Katika kazi hiyo jimbo hujifunza ni watoto wangapi walizaliwa na wangapi wamefikisha mwaka mmoja, na kwa hesabu hizo hujua kama dubu wanaongezeka au wanapungua. Sijaona njia ya kuaminika zaidi ya kuweka msimu wa uwindaji.

Hesabu hizo zina maana kubwa kwa sababu dubu huzaa polepole. Mashariki, kwenye chakula kingi, jike huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu hadi mitano. Magharibi, kwenye ukame, anaweza kuchelewa hadi sita au saba. Watoto hukaa naye kwa karibu mwaka mmoja na nusu, hivyo hazai zaidi ya mara moja kila miaka miwili. Msitu ukipoteza madume kadhaa, waliobaki wataziba pengo. Ukipoteza majike wazima, pengo hilo huchukua miaka mingi kuzibika. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu msimu wowote wa uwindaji linapaswa kuwa ni nani atakayekufa humo, kabla hata ya kuuliza ni wangapi.

Hapo ndipo uwindaji wa majira ya machipuko unaponitia shaka. Watetezi wake wana hoja ya haki: madume hutoka pangoni mapema kuliko majike wenye watoto, kwa hiyo anayewinda mwanzoni mwa msimu huua madume zaidi. Lakini kutofautisha dume na jike kwa umbali, jioni, ni kazi ngumu hata kwa mzoefu. Sheria ya Ontario, jimbo la Kanada, inakataza kumpiga jike aliye na watoto, na nia hiyo ni njema, ila mama anapokwenda mahali penye harufu ya chakula huwaacha watoto wake juu ya mti mkubwa, na kwenye shina la msonobari mzee wanakuwa salama dhidi ya mbwa mwitu na dubu wengine. Mwindaji aliyekaa mbele ya chambo cha keki zilizochacha na asali nyeusi humwona dubu mmoja peke yake. Hana namna ya kujua kwamba mita 200 nyuma yake kuna watoto wa miezi minne ambao hawatanyonya tena.

Ontario ilifuta uwindaji huo mwaka 1999, ikaurudisha kwa majaribio mwaka 2014 katika baadhi ya maeneo ya kaskazini, na mwaka 2021 ikauhalalisha moja kwa moja. Sababu kubwa iliyotolewa wakati wa majaribio ilikuwa usalama wa miji ya kaskazini iliyolalamikia dubu. Watafiti wa Ontario walilitazama jaribio hilo kama jaribio hasa, wakilinganisha maeneo yaliyofunguliwa na yale yaliyoachwa, na katika makala yao ya mwaka 2023 walionyesha kwamba migogoro haikupungua kwa sababu ya msimu mpya. Kilichoipandisha na kuishusha ni chakula cha asili: mwaka wa matunda mengi simu za malalamiko zilipungua, mwaka wa njaa zikaongezeka. Matokeo kama hayo yalikuwa yameshaonekana jimboni humo mwaka 2014 katika utafiti uliotazama takwimu za miaka mingi ya nyuma.

Ukifikiri kidogo, haishangazi. Mwindaji huenda msituni, mbali na nyumba, kwa sababu ni kosa na ni hatari kufyatua risasi karibu na makazi. Dubu anayezoea mapipa ya mtaani ndiye anayekaa mahali ambapo bunduki haifiki. Na hata akiuawa, pipa likibaki wazi, dume kijana aliyefukuzwa na mama yake mwezi Juni na anayetafuta eneo lake mwenyewe atakuja kuchukua nafasi hiyo.

Mji wa Durango, kusini magharibi mwa Colorado, umetupa ushahidi ambao kila afisa wa wanyamapori anapaswa kuujua kwa undani. Kati ya mwaka 2011 na 2016 watafiti waliwafuatilia dubu wa eneo hilo, wakagawa mapipa 1,110 yasiyofunguliwa na dubu katika baadhi ya mitaa, na kuiacha mitaa mingine kama ilivyokuwa. Katika mitaa iliyopata mapipa hayo, matukio ya dubu na taka yalikuwa pungufu kwa asilimia 60. Waligundua pia kwamba ufanisi ulitegemea sana kama watu wenyewe walifunga mifuniko na kama mji ulisimamia sheria yake. Mapipa yenyewe ni ya kawaida: yana kifuniko kizito chenye kitasa kilichofichwa ndani ya tundu, ambapo vidole vya mtu vinaingia lakini kucha za dubu hazifiki. Hakuna siri nyingine.

Durango ilifundisha jambo la pili, ambalo naliona kuwa zito zaidi. Mwaka 2012 chakula cha porini kilikosekana vibaya, dubu wakamiminika mjini, na mtu yeyote aliyesoma magazeti ya mwaka ule angeapa kwamba dubu wamekuwa wengi kupita kiasi. Watafiti walipohesabu, idadi ya majike katika eneo lao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 57. Walikuwa wakionekana zaidi kwa sababu walikuwa na njaa, na walikuwa wakifa kwa magari, kwa risasi za maafisa na kwa risasi za wenye mifugo. Jimbo ambalo lingeongeza leseni mwaka uliofuata kwa kuangalia malalamiko peke yake lingekuwa linaongeza mauaji katika kundi lililokuwa tayari linaporomoka. Simu za malalamiko hupima njaa ya dubu na uzembe wa binadamu, hazipimi idadi.

Ndiyo maana uamuzi wa New Jersey unaniacha na wasiwasi. Jimbo hilo lilirudisha uwindaji wa dubu mwaka 2003 baada ya miaka zaidi ya 30, likaendelea nao kwa kukatizwa-katizwa na kesi mahakamani, kisha Gavana Phil Murphy akaupinga, akaufunga katika ardhi ya umma mwaka 2018, na mwaka 2021 haukufanyika kabisa. Mwaka 2022 aligeuka na kuuruhusu tena, akieleza kwamba taarifa za dubu kukaribia watu zimeongezeka. Inawezekana kabisa kwamba dubu wa kaskazini mwa New Jersey ni wengi na kwamba kuwapunguza kwa uwindaji ni sawa. Jimbo hilo limejaa watu na mialoni kwa pamoja. Lakini sababu iliyotangulizwa ilikuwa ile isiyofaa, na mwananchi aliyeahidiwa utulivu kwa njia ya bunduki atauliza maswali pindi mialoni ikikataa kuzaa.

Florida nayo ilijifunza kwa gharama. Oktoba 2015 ilifungua uwindaji wa kwanza baada ya miaka 21, ikauza vibali zaidi ya 3,700 kwa kila aliyetaka, na kuweka kiwango cha juu cha dubu 320. Msimu uliopangwa kwa wiki nzima ulifungwa baada ya siku mbili, dubu 304 wakiwa wameuawa. Katika eneo moja la kaskazini, ambako kiwango kilikuwa 40, waliuawa zaidi ya 100 kabla ya maafisa kuwahi kufunga. Idadi ya jumla haikupitwa, lakini udhibiti ulishindikana, na imani ya wananchi iliondoka nao. Mpango ulioidhinishwa Agosti 2025 ulikuwa tofauti: vibali 172 tu, kila kimoja kwa dubu mmoja, kwa bahati nasibu, na msimu ukiwekwa kuanzia tarehe 6 Desemba, wakati ambapo jike mwenye mimba ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameshaingia pangoni. Maombi yalizidi 160,000, mengine yakitoka kwa watu waliotaka kibali ili wasikitumie. Mtu anaweza kuupinga uwindaji huo kwa dhamiri yake, lakini kitaalamu ni mpango bora mara nyingi kuliko ule wa 2015, kwa sababu umejali ni nani anauawa na lini.

Sisemi haya kama adui wa wawindaji. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi hupelekwa kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori, na pamoja na fedha za leseni ndiyo imelipia sehemu kubwa ya tafiti ninazozitaja hapa. Hilo ni jambo la kuheshimu, ingawa pia lina kishawishi ndani yake, kwa kuwa idara inayoishi kwa leseni huona leseni kama jibu. Na kwenye suala la chambo nakiri kuna ugumu wa kweli. Wapiga kura wa Colorado walikataza chambo, mbwa na uwindaji wa machipuko kwa kura ya mwaka 1992, ilhali wa Maine walikataa marufuku kama hiyo mwaka 2004 na tena 2014. Misitu ya Maine ni mizito kiasi kwamba bila chambo mwindaji anaweza kumaliza msimu bila kumwona dubu hata mmoja, na mwindaji aliyekaa mbele ya chambo mwezi Septemba hupata muda wa kumtazama mnyama vizuri na kumwacha jike apite. Kwa majira ya mapukutiko, watoto wakiwa wameshakua na wanaweza kutembea na mama, hoja hiyo ina uzito. Kwa machipuko inapoteza uzito wake wote, kwa sababu niliyoieleza.

Msomaji wa Tanzania na Kenya atayatambua maswali haya, kwani nchi hizi mbili jirani zilichagua njia tofauti: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Tanzania ikauendeleza kwenye vitalu, na kwa simba ikaweka sharti la kuwinda dume aliyefikisha miaka sita. Sharti hilo limejengwa juu ya fikra ileile ya kutazama umri na jinsia ya anayeuawa kabla ya kutazama jumla. Na familia za Kikongo na Kirundi zilizohamia Portland na Lewiston huko Maine zinaishi sasa katika jimbo la dubu; kwao ujumbe wa kutoa taka asubuhi ya siku ya gari la taka badala ya usiku uliotangulia una manufaa kuliko mabishano yote ya bungeni, nao ungestahili kuandikwa kwa lugha wanazozisoma.

Hatari kwa binadamu ipo, ila lazima ipimwe kwa kipimo chake. Utafiti uliokusanya vifo vyote vilivyojulikana Marekani na Kanada kuanzia mwaka 1900 hadi 2009 ulihesabu watu 63 waliouawa na dubu weusi wa porini. Wengi wa wauaji walikuwa madume peke yao waliomwinda mtu kama windo, na mama mwenye watoto, ambaye watu humwogopa kuliko wote, alihusika mara chache sana. Dubu wa namna hiyo anapojitokeza, afisa anapaswa kumuua bila kuchelewa, na hilo halihitaji msimu wala leseni.

Linalonitia wasiwasi zaidi kuliko kura yoyote ni kwamba kalenda yenyewe inasogea. Watafiti wa Colorado waliona kwamba kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka kwenye joto la chini la majira ya baridi hupunguza usingizi wa dubu kwa siku sita hivi, na kwamba dubu wanaokula chakula cha binadamu nao hulala kwa muda mfupi zaidi. Maana yake ni kwamba tarehe ya Desemba iliyochaguliwa ili kuwakinga majike wenye mimba inaweza, baada ya miaka michache, kuwakuta bado wakitembea msituni, hasa pale ambapo mapipa yapo wazi. Idara yenye majike waliovaa kola za redio inajua wiki ambayo kila mmoja aliingia pangoni mwaka jana na mwaka juzi. Tarehe ya kufungua msimu inaweza kuwekwa upya kila mwaka kwa takwimu hizo, pamoja na taarifa ya mavuno ya mialoni ya Septemba, na pale ambapo mialoni imekosa, vibali vikapunguzwa na fedha zikapelekwa kwenye mapipa kabla ya theluji ya kwanza.